Mnara wa taa wa Hudson-Athens: ufundi wenyewe uko chini ya maji

Minara ya taa haijengwi baharini tu. Katikati ya Mto Hudson, jimbo la New York, Marekani, kati ya miji ya Hudson na Athens, upo mmoja uliojengwa mwaka 1874 kuziepusha meli na fungu, yaani sehemu ya mto yenye kina kifupi, liitwalo Middle Ground Flats. Kwa juu ni nyumba ya matofali aliyoishi mlinzi wa taa na familia yake, yenye kibanda cha taa na kengele ya kupigwa wakati wa ukungu. Ni nyumba nzuri, lakini anayependa ujenzi aanzie chini.

Pale chini ni tope. Mafundi walizamisha nguzo 200 za mbao, kila moja futi 50, yaani takriban mita 15, kisha wakajenga msingi wa mawe ya itale juu yake. Nguzo ya namna hii haitegemei ncha peke yake: tope linaloibana pembeni hubeba sehemu kubwa ya uzito.

Upande wa msingi unaotazama mto unakotoka ulichongwa kama omo, yaani ncha ya mbele ya meli. Sababu ni barafu. Mto huganda, na joto likirudi mapande mazito hushuka na mkondo. Yakikuta ukuta bapa yanagonga kwa nguvu zote, yakikuta ncha yanapasuka na kupita pembeni. Mwaka 1832 barafu na mafuriko viliuangusha mnara wa Stuyvesant kwenye mto huohuo, na watu wakafa. Somo hilo limeandikwa kwenye itale.

Sasa tatizo. Mbao iliyofukiwa kwenye tope lenye maji hudumu miaka mingi kwa kuwa oksijeni haifiki, na viumbe vinavyoozesha haviwezi kufanya kazi. Ng'oa nguzo ya uzio hapa Dodoma: hata pasipo mchwa, imelika zaidi usawa wa ardhi, wakati kipande cha chini kabisa bado kigumu. Meli kubwa za leo zinazopita kwenda mji wa Albany husukuma maji kwa mapangaboi yenye nguvu, na tope linachimbuliwa. Nguzo zikibaki wazi zinapata hasara mbili kwa mpigo: zinaoza, na zinapoteza kile kilichozibana. Wanaoijua reli ya kati kipande cha Kilosa hadi Gulwe wameona maji yakila tuta mpaka reli inaning'inia.

Mwaka 2024 mnara huu uliingizwa kwenye orodha ya maeneo ya kihistoria 11 yaliyo hatarini zaidi Marekani. Pendekezo ni kuuzungushia ukuta wa vyuma vilivyoshikamana. Ukuta wa aina hiyo lazima ushuke chini kuliko kina ambacho maji yanaweza kuchimba. Ukiwa mfupi, tope la ndani litatoroka kwa kupitia chini yake. Kumwaga mawe tu kuzunguka nguzo ni rahisi zaidi, ila kwenye tope laini mawe huzama yenyewe, na yakitupwa ovyo hugonga nguzo zilizokwisha dhoofika.