Punda, makumbi na maji ya munyu: mazoezi yangu ya ualimu Lamu

Shule iliyonipokea kwa mazoezi ya kufundisha somo la kilimo iko kisiwani Lamu, na shamba lake ni mchanga. Sisemi udongo wenye kichanga. Nasema mchanga, ule ule ambao punda hubebeshwa kwa magunia kupelekwa penye ujenzi. Nami nilikuwa natoka Egerton, kule Njoro, chuo kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya wakulima, ambako ardhi ni nyeusi, nzito, na mvua ikinyesha huvui buti bila kusaidiwa. Kwetu ni Ganda, nje kidogo ya Malindi, kwa hiyo Pwani si ugeni kwangu. Lakini Ganda tuna mto Sabaki karibu, tuna mahindi na mihogo, na mtoto hukua akishika jembe. Lamu kisiwani ni mambo mengine.

Nilipewa Kidato cha Pili, muhula wa Mei hadi Agosti. Azimio la kazi nililokabidhiwa, yaani mpango wa masomo ya muhula, lilikuwa limenakiliwa kutoka mwaka uliotangulia, na kitabu ndicho kile kile cha nchi nzima: vitalu vya miche, matuta yaliyoinuliwa, kabichi, karoti, lishe ya ng'ombe wa maziwa. Darasani nilikuwa na watoto wa manahodha, wa mafundi wa majahazi kutoka Matondoni, wa wavuvi, wa wenye punda. Mvulana mmoja aliniambia waziwazi siku za mwanzo, bila ufidhuli wowote, "Mwalimu, kilimo ni kazi ya barani." Wenzake wakaitikia. Wale wachache waliotoka Hindi na Mpeketoni, huko huko barani, ambao kwao wanalima kwelikweli, walinyamaza. Hakuna aliyetaka kuonekana mshamba mbele ya watu wa mji.

Sikubishana naye. Nilitafuta mnyama au mmea ambao wao wanaujua kuliko mimi, na sikuhitaji kwenda mbali, kwa sababu Idd ya kuchinja ilikuwa inakaribia.

Kila mtoto pale anajua kwamba mbuzi wa kuchinja siku hiyo lazima awe ametimiza umri. Niliwauliza: baba zenu hujuaje umri wake, na mbuzi hana cheti cha kuzaliwa? Darasa likaamka. Humfungua mdomo, wakasema, wakaangalia meno. Meno gani? Hapo wakaanza kusahihishana: mawili ya mbele, makubwa, ya chini. Ndivyo hasa. Meno ya utoto ya mbuzi ni madogo na membamba, na jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota katikati akiwa na umri wa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi. Kisha nikauliza juu ana mangapi. Walikuwa wameona vinywa vya mbuzi maisha yao yote na bado wakagawanyika. Jibu ni kwamba mbele, juu, hana hata moja; ana ufizi mgumu tu, na majani huyabana kati ya ufizi huo na meno ya chini. Na punda je? Punda anayo juu na chini, ndiyo maana ukiumwa naye hutasahau.

Kutoka hapo somo la lishe ya mifugo lilijiendesha. Mbuzi na ng'ombe hucheua, wana tumbo lenye vyumba vinne, na chakula hurudi mdomoni kikatafunwa mara ya pili. Punda hacheui. Tumbo lake ni moja, na nyuzinyuzi za majani huja kuvunjwavunjwa mwishoni kabisa, kwenye utumbo mpana, kwa haraka na bila ukamilifu. Kitabu kinalieleza hili kwa mchoro wa ng'ombe na mchoro wa nguruwe. Mchoro wa nguruwe kwa darasa la Lamu! Niliuacha ukurasa huo, nikawatoa nje ya lango. Punda walikuwa wamepita asubuhi, na ushahidi ulikuwa umelala njiani. Tukachukua kijiti, tukafumua: mabua yanaonekana kwa macho, na mbegu za majani nzima nzima. Baadaye tukalinganisha na kinyesi cha ng'ombe alicholeta kijana wa Hindi kwenye mkebe, kilicho laini kama uji. Tangu siku hiyo sikuwahi kumwuliza mtu tena tofauti ya mnyama anayecheua na asiyecheua.

Na hapo ndipo mbolea ilipoanzia. Mji wa Lamu hauna barabara za magari, punda ndio malori yake, na samadi haikauki. Babu ya msichana mmoja wa darasa langu alikuwa na punda kadhaa na zizi lenye chungu ya samadi ya miaka. Nilikwenda kwake na binti huyo siku ya Jumamosi.

"Sabalkheri, Mzee. Nimekuja kuomba samadi ya punda wako, ya shamba la shule."

Alinitazama vizuri. "Mwanangu, mavi nayo huombwa? Chukueni. Ila magunia yangu yarudi."

Magunia yalirudi, na yakaenda tena. Lakini samadi ya punda ina mtego wake, na mtego huo wanafunzi walikuwa wameshauona kwenye kijiti: mbegu za magugu hupita tumboni zikiwa hai. Ukiimwaga shambani ilivyo, umepanda nyasi. Dawa yake ni kuirundika iive kwanza. Tulipanga tabaka la samadi, tabaka la majani makavu ya mkungu na taka za jikoni, majivu kidogo, udongo kidogo, tukamwagia maji, tukafunika kwa makuti. Katikati tukachomeka kijiti kirefu, kama kitabu kinavyoagiza, cha kuvuta na kushika ili kujua kama kuna joto. Kijiti hakikuwatosha, msimamizi wa maabara ya kemia akatuazima kipimajoto. Kilipovuka nyuzi 60 walipigana vikumbo kukisoma. Joto hilo likikaa siku kadhaa huua mbegu nyingi, ndiyo maana kila mara tuligeuza chungu, cha nje kikaingia ndani nacho kipate zamu yake.

Sikutaka waniamini tu. Mboji, yaani ile samadi tuliyoirundika, ilipoiva, tulijaza makopo mawili, moja samadi mbichi na jingine mboji, tukayaweka dirishani na kuyanywesha maji sawasawa. Kopo la samadi mbichi liliota manyasi hadi likafanana na kichwa cha mtu asiyenyolewa. La mboji lilitoa vijimea viwili vitatu tu. Makopo hayo yalikaa dirishani hadi mwisho wa muhula, na walimu wa masomo mengine walikuja kuyatazama.

Chungu hiyo isingewahi kutufaa kwa upanzi wa Mei. Kwa vitalu vya mwanzo tulichota samadi ya chini kabisa ya zizi la yule mzee, ile iliyokwisha kuwa kama udongo.

Kuhusu vitalu vyenyewe, nitasema wazi kwamba tuta lililoinuliwa, linalochorwa katika kila kitabu, halifai pale. Tuta ni la mahali penye maji ya kuzidi. Kwenye mchanga maji yanashuka kabla hujaweka keni ya kumwagilia chini. Tulifanya lile jaribio la chupa: udongo, maji, tikisa, ngoja. Mchanga wa shule ulituama papo hapo na maji yakabaki karibu meupe. Udongo uliotoka Hindi uliacha maji yakiwa machafu hadi kesho yake. Basi tukachimba kwenda chini badala ya kuinua juu, kina cha kama futi moja, na chini yake tukapanga makumbi ya nazi.

Wazo la makumbi si langu peke yangu. Nilijua kwamba yananyonya maji na kuyashika, lakini ni mama aliyenipangisha chumba aliyeniambia nichague yaliyokwisha kukaa mvuani, si mapya. Alikuwa na sababu: kumbi bichi hutoa maji ya rangi ya chai, na miche haiyapendi. Tuliyalaza kwa upande wake wa ndani kutazama juu, yawe kama bakuli, tukayalowesha, kisha samadi na mchanga vikachanganywa juu yake. Karibu na hapo tuliacha kitalu kimoja cha tuta la kawaida, la kitabuni, tukapanda mchicha siku moja pande zote mbili. Wa kwenye tuta ulikuwa unalala chali kila saa sita mchana.

Maji yalikuwa somo la peke yake. Lamu hunywa kutoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela: mvua huingia mchangani, na maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukivuta kwa pupa, ya chumvi hupanda. Niliwaonyesha kwa glasi, maji ya chumvi yaliyotiwa rangi chini, ya mvua yakiteremshwa polepole juu yake kwa mgongo wa kijiko, na mpaka ukaonekana wazi. "Ndiyo maana kisima chetu kikivutwa sana mai huwa ya munyu!" akasema mmoja, na kusema kweli sikuwa na la kuongeza.

Kisha tukapanda mbegu kwenye makopo na kuyagawa mafungu matatu kwa maji: ya mvua, ya kisima cha shule, na ya kisima kilicho karibu na ufuo. Maharage na karoti havivumilii chumvi, na makopo ya maji ya ufuoni yalithibitisha: maharage yaliota machache, yakaungua kwenye kingo za majani, karoti hazikutokeza kabisa. Spinachi ilikua kote. Kunde zilidumaa kidogo lakini zikaendelea. Baada ya hapo wanafunzi wenyewe ndio walioamua tupande nini: mchicha, kunde, spinachi, bamia. Kabichi nilipanda mstari mmoja kwa sababu imo kwenye azimio la kazi. Hadi naondoka ilikuwa na majani mapana ya kupendeza na haijafunga hata moja. Kabichi hutaka ubaridi, na walipoiona walielewa kwa nini ile ya sokoni huja kwa lori na mashua.

Kusi ilipochachamaa mwezi wa Juni ilipeperusha mchanga na marasharasha ya maji ya bahari juu ya miche. Wavulana walileta nyavu kuukuu za kuvulia, tukazifunga kwenye fito upande wa baharini na kuzipachika makuti. Nyavu hizo hizo ndizo zilizozuia punda wazururaji, ambao kabla ya hapo walikuwa wameshatuvunia kunde zote za mstari wa nje usiku mmoja.

Ratiba ndiyo iliyonisumbua kuliko wadudu. Alasiri watoto wana chuo, yaani madrasa, na huwezi kumwambia mzazi mwanawe amekosa kusoma Kurani kwa sababu ya mchicha. Kwa hiyo kazi ya shamba ilikuwa alfajiri, kabla ya gwaride, kwa zamu. Umwagiliaji wa asubuhi mapema ndio bora hata hivyo, jua halijakausha. Waliotoka Hindi na Mpeketoni wakawa viongozi wa zamu bila mimi kuwateua, kwa kuwa wao ndio waliojua kushika jembe bila kujikata kidole cha mguu.

Mhadhiri wangu alikuja kunitathmini kwa mashua kutoka Mokowe, viatu mkononi. Nilikuwa na kipindi cha pamoja, dakika 80, somo la vitalu, nikalifundishia nje. Alinisifu kwa vifaa vya kufundishia na kwa andalio la somo. Alinipunguzia alama kwa kutumia Kiswahili, maana somo hili hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Nilikubali alama zangu. Lakini sijabadilisha mawazo: mtoto aliyeinama juu ya chungu ya samadi mwache aulize kwa lugha inayomjia, aelewe, kisha arudi darasani aandike kwa ile ya mtihani. Majaribio ya mwisho wa muhula yalikuwa ya Kiingereza na hawakunitia aibu.

Kwa mwenzangu atakayepangiwa shule ya kisiwani, Lamu, Faza au Kizingitini: nenda na mbegu za spinachi na bamia, na chupa kadhaa zenye kifuniko. Kipimajoto utaazima. Kabla ya kuandika azimio la kazi, onja maji ya kisima cha shule. Wiki ya kwanza tafuta mwenye punda, mwamkue, na hakikisha magunia yake yanarudi.

Vitalu nilimkabidhi mwalimu wa somo pamoja na daftari la zamu. Mchicha wa mwisho uliuzwa kwa walimu na kwa jirani mmoja wa shule, na pesa zake zikanunua keni mbili mpya na nyavu nyingine, maana ile ya upande wa mashariki mbuzi wa shule walikuwa wameshaanza kuitafuna.