Kipito cha Rogers: reli, mizinga na ratiba ya theluji

Ukikitazama kwenye ramani, Kipito cha Rogers hakitishi. Kimo chake ni mita 1,330 tu kutoka usawa wa bahari, na vipo vipito vingi duniani vilivyo juu mara mbili ya hapo ambavyo hupitika kwa urahisi zaidi. Shida yake ni theluji. Kwenye safu ya milima ya Selkirk, upande wa mashariki wa jimbo la British Columbia nchini Kanada, mawingu yaliyobeba unyevu wa Bahari ya Pasifiki hulazimika kupanda, yakapoa, yakamwaga kila yalichonacho. Msimu wa kawaida huleta takriban mita 10 za theluji hapo kipitoni, na kwenye kituo cha hali ya hewa cha mlima Fidelity, kilicho juu zaidi, kama mita 14. Bonde ni jembamba, kuta zake ni kali, na theluji yote hiyo hutafuta pa kushukia. Pa kushukia ndipo hapohapo reli na barabara zilipopitishwa.

Jambo ambalo maelezo mengi ya watalii hulipita juujuu ni hili: kila anayekitumia kipito, awe dereva wa lori, dereva wa treni au mtu wa ski (anayeteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu za miguuni), yuko chini ya miteremko ileile. Kanuni anazowekewa mmoja hazieleweki mpaka ujue zinamlinda nani mwingine.

Reli iliyojengwa kabla ya kuijua theluji

British Columbia ilijiunga na Kanada mwaka 1871 kwa ahadi ya kuunganishwa na mashariki kwa reli. Kampuni ya Canadian Pacific ilipokwama kwenye Selkirk, ilimwajiri mpima njia Mmarekani, Albert Bowman Rogers, ikamwahidi dola 5,000 na kipito kuitwa kwa jina lake iwapo atakipata. Mwaka 1881 alipanda kutoka magharibi akiufuata mto Illecillewaet, akauona uwazi kati ya milima, lakini chakula kikaisha na ikabidi arudi. Julai 1882 akaja kutoka mashariki kupitia bonde la mto Beaver, akathibitisha kwamba pande hizo mbili zinakutana. Reli ikajengwa, na msumari wa mwisho ukapigwa mahali paitwapo Craigellachie, magharibi mwa kipito, tarehe 7 Novemba 1885.

Hakuna hata moja kati ya safari hizo mbili iliyofanyika katikati ya majira ya baridi. Ndiyo maana baridi ya kwanza, ya 1885 kuingia 1886, reli ilifungwa na watu wakaachwa milimani kuangalia tu nini kinashuka na wapi. Walichokiona kiliilazimisha kampuni kujenga mabanda 31 ya mbao juu ya reli.

Mabanda hayo yanastahili kuangaliwa kwa karibu. Banda la kukinga theluji halibebi uzito wa poromoko la theluji kwa nguvu zake peke yake. Paa lake huinamia upande uleule mlima unakoinamia, ili theluji ipite juu na kuendelea bondeni bila kugonga kitu kilichosimama wima. Mbao, hata hivyo, huoza, na cheche za injini za mvuke huziwasha. Kwa hiyo mabanda marefu yaligawanywa vipande, na kati ya kipande na kipande ikaachwa nafasi ili moto usivuke. Nafasi hiyo nayo ikawa mlango wa theluji, ikabidi juu yake zijengwe kuta za magogo zenye pembe mbele, za kuligawa poromoko na kulisukumia juu ya mapaa ya pande zote mbili. Nje ya baadhi ya mabanda ikawekwa reli ya pili ya kiangazi, ili abiria wasinyimwe mandhari waliyoilipia. Matengenezo ya vyote hivyo hayakuwa na mwisho.

Na bado watu walikufa. Kati ya 1885 na 1911 maporomoko yaliua zaidi ya watu 200 kwenye njia hiyo. Usiku wa tarehe 4 Machi 1910 ndio unaokumbukwa zaidi. Poromoko kutoka mlima Cheops lilikuwa limefunika reli karibu na banda namba 17, na kikosi cha wafanyakazi kikatumwa kuizibua kwa mashine ya kuzoa theluji inayosukumwa na injini, kikifuatwa na watu wenye makoleo. Walichimba mfereji katikati ya kifusi cha theluji na wakawa wanafanya kazi ndani yake. Kabla ya saa sita usiku, poromoko la pili lilishuka kutoka upande wa pili wa bonde, mlima Avalanche, likaujaza mfereji ule. Wanaume 58 walikufa, 32 kati yao wakiwa Wajapani. Mchochea moto wa injini, Billy Lachance, alirushwa mbali na upepo uliotangulia theluji, akapona.

Poromoko moja kushuka si ushahidi kwamba hatari imekwisha. Dhoruba iliyoujaza mteremko mmoja imeujaza na wa jirani, na wa ng'ambo pia. Zaidi ya hapo, mfereji au korongo hufanya hata theluji ya wastani iwe kaburi, kwa sababu haina pa kusambaa.

Kampuni ikaamua kuondoka juu ya ardhi. Handaki la Connaught, lenye urefu wa kilomita 8 chini ya mlima Macdonald, lilifunguliwa Desemba 1916, na sehemu mbaya zaidi ya reli ikaachwa. Mwaka 1988 likaongezwa handaki la Mount Macdonald, kilomita 14.7, ambalo ndilo refu kuliko yote ya reli katika bara zima la Amerika. Hili lilijengwa kwa sababu ya mwinuko: njia ya zamani ilipanda mita 22 kwa kila mita 1,000, na treni nzito zilihitaji injini za ziada za kusukuma nyuma. Njia mpya imepunguza mwinuko wa treni zinazokwenda magharibi hadi mita 10 hivi kwa kila 1,000. Mahandaki yaliokoa katikati tu, lakini. Pande zote mbili, kabla ya milango yake, reli bado iko chini ya miteremko.

Barabara na mizinga

Barabara ilichelewa. Tangu 1940 magari yalizunguka kwa njia ya Big Bend iliyofuata mto Columbia, zaidi ya kilomita 300 za changarawe, na majira ya baridi ilifungwa kabisa. Barabara kuu ya Trans-Canada kupitia kipitoni, iliyofupisha mwendo kutoka mji wa Golden hadi mji wa Revelstoke ukawa takriban kilomita 150, ilifunguliwa 1962, na sherehe ya kitaifa ikafanyika hapohapo tarehe 3 Septemba.

Safari hii theluji ilichunguzwa kwanza. Katika miaka ya 1950 mlinzi wa hifadhi ya taifa ya Glacier, ambamo kipito kimo, Noel Gardner, na baadaye mhandisi mzaliwa wa Uswisi Peter Schaerer, walizichora njia za maporomoko moja baada ya nyingine: linaanzia wapi, linasimama wapi, na kwa hali gani ya hewa. Leo zinahesabika zaidi ya 130 zinazoweza kuifikia barabara. Pale zilipobanana sana yalijengwa mabanda ya zege. Kwingineko kuna matuta ya udongo ya kupunguza kasi, na kuna mizinga.

Kila msimu, wanajeshi wa mizinga wa Kanada huweka kambi kipitoni na mizinga ya milimita 105. Kazi hiyo huitwa Operation PALACI. Kando ya barabara kuna majukwaa ya duara yaliyoandaliwa, na kwa kila jukwaa shabaha zimeshapimwa: mwelekeo na pembe ya kila mteremko viko kwenye daftari. Kwa hiyo wanaweza kufyatua usiku wa manane, katikati ya dhoruba, bila kuuona mlima. Anayeamua mteremko upi upigwe na lini ni mtabiri wa maporomoko wa hifadhi; mwanajeshi hutekeleza. Kabla ya kufyatua, mageti hufungwa pande zote, gari hupita kuhakikisha hakuna aliyebaki njiani, na watu wa reli hujulishwa.

Ugumu wote uko kwenye saa. Bomu halitengenezi poromoko mahali ambapo theluji imetulia. Linaharakisha tu lile lililokuwa linakuja. Ukipiga mapema mno, theluji mpya bado ni nyepesi na haina uzito wa kuvunja tabaka la chini, kwa hiyo umetoboa shimo tu. Ukichelewa, mteremko unajiamulia, pengine geti likiwa wazi. Wanachotafuta watabiri ni maporomoko madogo ya mara kwa mara yanayosimama kabla ya lami, badala ya moja kubwa. Dalili zinazowaamsha usingizini ni tatu: theluji kuongezeka sentimita kadhaa kwa saa, upepo unaoichota upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuilundika upande wa pili, na joto kupanda ghafla hewa ya Pasifiki inapoingia. Hii ya tatu ndiyo inayowapumbaza madereva, kwa kuwa hali huonekana nzuri kuliko jana yake.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kabisa. Usiku mkavu wa mbingu wazi, sakitu, yaani umande ulioganda, huota juu ya theluji kama manyoya madogo yanayong'aa. Ikifunikwa na dhoruba inayofuata, hubaki chini kama tabaka dhaifu kwa wiki kadhaa. Juu yake theluji hushikana ikawa bamba, na bamba hilo huvunjika kwa mkupuo, hasa kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45.

Kwa dereva, mambo ni machache lakini hayana mjadala. Kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili sheria ya jimbo inataka matairi ya baridi, yenye mifereji ya kina cha angalau milimita 3.5. Jaza tangi Golden au Revelstoke kabla ya kuondoka. Beba blanketi, maji na chakula, maana geti likifungwa unaweza kukaa saa kadhaa. Na ukiona kibao kinachokataza kusimama kwa sababu ya maporomoko, usisimame hata kupiga picha: umefika kwenye mkondo wenyewe.

Watu wa ski na kibali cha asubuhi

Miteremko inayopigwa mizinga ni ileile inayopendwa na wapandaji wa ski. Kwa hiyo hifadhi ya taifa ya Glacier imeigawa ardhi mafungu matatu wakati wa baridi: maeneo yaliyo wazi siku zote, yaliyopigwa marufuku msimu mzima, na ya masharti, ambayo hufunguliwa au kufungwa kila siku kulingana na mpango wa mizinga. Kuingia haya ya mwisho unahitaji kibali, cha siku au cha msimu. Cha msimu hutolewa baada ya kufaulu jaribio la maswali, na kadi ya kuingilia hifadhini inatakiwa pia.

Makosa ya kawaida hapa ni kutumia taarifa ya jana. Tangazo la asubuhi ni la siku hiyo tu. Kosa la pili ni kupanda kwenye eneo lililo wazi, kisha kushuka upande wa pili wa mgongo kwenye eneo lililofungwa. Mtu mmoja akionekana humo, mizinga husimama na barabara kuu ya nchi hubaki imefungwa. Mimi naona adhabu anayopewa mtu huyo ni ya haki kabisa.

Kibali hakisemi kwamba theluji ni salama. Kinasema tu kwamba hutapigwa bomu. Tarehe 1 Februari 2003, wanafunzi 7 wa sekondari walikufa kwenye bonde la Connaught Creek, lililokuwa wazi, poromoko liliposhuka kutoka mlima Cheops. Baada ya msiba huo hifadhi ilianza kuzipanga njia kwa daraja tatu za ugumu wa ardhi, na makundi ya watoto yakawekewa masharti makali: daraja la juu hawaruhusiwi kabisa, na la kati ni kwa kiongozi mwenye cheti tu.

Kila mtu kundini abebe transiva (kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa) ya kilohezi 457, ufito wa kuchomea theluji wa angalau sentimita 240, na koleo la chuma. Simu ikae angalau sentimita 20 kutoka kwenye transiva inapotuma, na sentimita 50 inapotafuta, la sivyo mawimbi huvurugika. Mwenzako akifukiwa, kariri mahali alipoonekana mwisho, wote wageuze transiva zipokee, na hakikisheni hakuna iliyosahauliwa ikiendelea kutuma. Ukikaribia, shusha kifaa mpaka usawa wa theluji na uende polepole. Choma ufito kwa pembe mraba na mteremko, wala si wima kuelekea ardhini. Ukimgusa, uache palepale. Kisha chimba kutoka upande wa chini kumwelekea, kwa sababu ukichimba moja kwa moja juu yake unaikandamiza hewa aliyonayo. Dakika 10 za kwanza ndizo zenye matumaini makubwa. Baada ya hapo hushuka kwa kasi. Kuita helikopta ni lazima, lakini kumtoa ni kazi yenu mliopo.

Kiangazi kipito hubadilika. Unaweza kutembea juu ya tuta la reli ya zamani, ukaona mbao za mabanda zilizoporomoka, na huko Loop Brook nguzo za mawe zilizobeba reli ilipojizungusha bondeni ili ishuke taratibu. Ukiacha njia na kupanda kwenye miteremko, kumbuka kwamba si kila bomu la mzinga hulipuka. Ukikuta kitu cha chuma chenye umbo la risasi kubwa, hata kama kimeshika kutu, usikiguse wala usikirushie jiwe. Weka alama kwa mbali, rudi kwa njia uliyoijia, uwaeleze walinzi wa hifadhi mahali kilipo.