Kikao cha Bamvua

Tangazo lilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa siku ya Ijumaa, na wengi wetu tulilisoma tukitoka msikitini. Mwekezaji ameomba eneo la pwani mbele ya nyumba zetu, aweke vizimba vya kunenepesha kaa na fito za kufugia chaza, vyote ndani ya uzio. Chini yake palikuwa na ramani, fotokopi iliyofifia: mstari wa nyumba, mstari wa mikoko, kisha mraba wa kijivu ulioandikwa "maji, eneo wazi".

Hii ilikuwa kabla ya korona. Mtaa wetu ni mmoja wa ile iliyo ukingoni mwa ghuba ya Tanga, Kisiwa cha Toten unakiona ukiwa umekaa barazani. Shangazi yangu, ambaye hajui sana kusoma, aliniomba nimsomee lile tangazo, na nilipofika kwenye "eneo wazi" akaniambia nirudie.

Pwani ile ameichokoa tangu msichana, akitafuta kombe na chaza. Kombe, naye wa ganda, haonekani, anatafutwa kwa nyayo: unakwenda taratibu kwenye tope lenye mchanga, ukisikia kitu kigumu chini ya unyayo unainama. Chaza amejibandika kwenye mizizi ya mikoko na mawe, huyo anataka panga butu na mkono usio na papara, maana ganda lake likikukata kidonda hakiponi upesi. Ndoo nzima ya kombe ukiichemsha na kuibambua unabaki na bakuli moja. Bakuli hilo likiingia tui la nazi ni kitoweo cha nyumba. Likiuzwa ni daftari na sabuni. Nimesomeshwa kwa mabakuli hayo, kwa hiyo msinitegemee kusimulia bila upande.

Mtaa uligawanyika, na sababu ilikuwepo. Vijana walitaka kazi, na kaa ana pesa. Kaa aliyetoka kujivua gamba ni mwepesi, ndani maji matupu, hana bei. Akilishwa kizimbani wiki chache anajaa nyama na anasafirishwa mzima mzima hadi China. Hufungwa kila mmoja na chumba chake kwa kuwa hulana. Wenye nyumba nzuri za ukingoni wao walihofia harufu ya utumbo wa samaki wa kuwalisha. Hoja yangu mimi ilikuwa chaza: chaza hula kwa kuchuja maji anamoishi, na mvua za masika zikinyesha makaro yetu humwagikia wapi? Atakayekula chaza huyo akiugua, lawama itarudi kwenye vyoo vyetu. Hoja nzuri sana, ila hakuna aliyependa kujadili makaro hadharani.

Wakanichagua katibu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nikachimbua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, kinachozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nikaenda nayo kwenye kikao nikitamba. Mzee mmoja wa BMU, kikundi chetu cha kusimamia uvuvi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hizo mita zitamzuia kujenga stoo na kibanda cha mlinzi. Vizimba viko majini. Huko anafuata kibali cha uvuvi." Kikao kikapoa.

Ndipo shangazi akauliza: "Hao wapimaji walikuja lini?"

Mlinzi wa ngalawa alikumbuka. Mwezi ulikuwa nusu, wiki ya maji mafu, nao walifika saa nne asubuhi, wakapiga picha, wakaondoka. Wanawake wakaangua kicheko. Kwa asiye wa pwani: kwetu, siku za maji mafu, saa nne asubuhi ndipo maji yanapojaa. Bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ni kinyume, saa hiyohiyo bahari imepwa, imekwenda mbali. Ramani ya watu wale ilichorwa kwa saa moja ya bahari iliyojaa.

"Andika," shangazi akaniambia. "Tunaomba kikao kifanyike pwani, si ofisini. Mwezi ukiwa wa siku kumi na sita, saa nne." Nikaibadili kuwa tarehe ya kiserikali, mwenyekiti akagonga muhuri, barua ikaenda. Hakuna aliyehoji kwa nini siku hiyo.

Walipofika, afisa uvuvi, mtu wa mazingira na mwekezaji na ramani yake, bahari haikuwepo. Ngalawa zimelala ubavu. Wanawake wametapakaa hadi mbali, migongo tu na kanga, watoto wanakimbizana na vindoo. Shangazi akawapokea kwa adabu zote, akapokea shikamoo zao, kisha akasema, "Vueni viatu, baba zangu. Kikao kiko kule."

Mwekezaji alikataa kuvua. Tope likambakiza na kimoja.

Afisa uvuvi alipandisha suruali hadi magotini na hakusema mengi. Aliagiza vigingi visimikwe kwenye pembe nne za ule mraba. Cha kwanza kikaangukia kwenye mizizi ya mikoko iliyojaa chaza. Cha pili kikaingia katikati ya mkondo ambamo ngalawa hupita kwenda diko, zinakotia nanga na kushusha samaki, maji yakiwa madogo. Cha tatu kilimfikia mama mmoja karibu na ndoo yake. Hakuinua hata kichwa. "Kisogezeni," alisema, "nipo kazini." Cha nne hakikusimikwa.

Muhtasari niliandika mimi, nikiwa nimesimama, karatasi ina tope mpaka leo. Vizimba vihamie ng'ambo ya mkondo, penye tope zito ambako hachokoi mtu; njia ya ngalawa iachwe; stoo iwe nje ya mita 60; habari ya chaza isubiri maji yapimwe. Hilo la mwisho nililipigania peke yangu, na ndilo lililopita bila ubishi.

Eneo jipya lilikuwa dogo, vizimba vikapungua, na kazi walizoahidiwa vijana zikapungua navyo. Mmoja wao, jirani yangu, hadi leo tukipishana ananiita "Bwana Muhtasari", na si kwa mapenzi. Simlaumu.

Shangazi ndiye aliyenishangaza. Haukupita muda akawa anakusanya kaa watupu kutoka kwa wavulana wanaowaopoa mashimoni kwenye mikoko, anamuuzia mwekezaji yuleyule. Nilipomuuliza kulikoni, akasema kaa wake hana tatizo nao, tatizo lilikuwa uzio. Ila yule bwana kulipa anachelewa, na kwa kuwa mimi ni katibu, nimwandikie barua nyingine.