Adabu za Sushi Zimo Ndani ya Wali

Mara ya kwanza nilipoketi mjini Tokyo mbele ya kaunta ya sushi, yale matonge ya wali yenye kipande cha samaki juu, tonge langu la kwanza liliporomoka ndani ya kibakuli cha mchuzi wa soya. Nilikuwa nimelishika kwa vijiti na kulichovya upande wa wali, kwa kuwa ndio upande uliokuwa chini, na wali ukanywa mchuzi, ukalegea, punje zikatawanyika, nami nikabaki na kipande cha ngisi kikining'inia. Mpishi, mzee wa makamo ya babu yangu, hakusema neno. Aliondoa kibakuli, akaleta kingine safi, akafinyanga tonge jipya, kisha akanionyesha kwa mkono mtupu: kidole gumba na vidole viwili, tonge linalazwa ubavu, linageuzwa kidogo, na ni samaki anayegusa mchuzi, tena kwa ncha tu.

Ishara ile hunijia kila ninaposoma watu wakibishana kama mlaji wa sushi analazimika kufuata adabu zake au ana haki ya kula apendavyo kwa kuwa amelipa. Naamini adabu nyingi za sushi hazikutungwa kumbana mgeni. Zimetokana na chakula chenyewe, na anayezifuata hula kitu bora zaidi kuliko asiyezifuata.

Wali wa sushi hutiwa siki, chumvi na, kwa wapishi wengi, sukari kidogo, na fundi mzuri huufinyanga ukiwa na uvuguvugu unaokaribia joto la mwili. Haukandamizi. Huacha hewa kati ya punje, kiasi kwamba tonge lishikamane njiani kutoka kaunta hadi kinywani, kisha liachie lenyewe juu ya ulimi. Ukishaelewa hilo, kanuni tatu hazihitaji tena kufundishwa: samaki ndiye anayechovywa kwa sababu wali ukilowa unabomoka, tonge huliwa zima, bila kukatwa kwa meno, kwa sababu likikatwa nusu ya pili huanguka, na huliwa papo hapo, kwa sababu wali unapoa na samaki anapata joto, na ule uwiano ambao mpishi ameusomea miaka mingi hudumu muda mfupi sana. Kati ya hizi tatu, naiona ya mwisho kuwa nzito kuliko zote. Nimeshuhudia matonge matatu yakipangwa mbele ya mlaji aliyekuwa akiyapiga picha na kuzituma, na mpishi akiyatazama bila kuendelea na la nne. Kushika vijiti vibaya hakumuumizi fundi. Kuliacha tonge lake lipoe kunamuumiza.

Kuhusu mkono, watu wa pwani tuna jambo la kufurahia. Tonge la sushi huruhusiwa kuliwa kwa mkono hata katika mikahawa ya kifahari, na taulo lenye unyevu linalotolewa mlaji anapoketi ndilo la kusafishia vidole. Historia inaeleza sababu. Zamani sushi ilikuwa njia ya kuhifadhi samaki kwa kumchachusha ndani ya wali kwa miezi mingi, na mpaka leo karibu na Ziwa Biwa huandaliwa sushi ya kuchachushwa iitwayo funazushi kwa namna hiyo. Tonge la kufinyangwa kwa mkono lilienea Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, katika miaka ya 1820, na sifa hiyo hupewa hasa Hanaya Yohei, aliyefariki mwaka 1858. Kilikuwa chakula cha vibandani, matonge makubwa kuliko ya leo, yakiliwa kwa vidole na watu waliosimama na wenye haraka ya kurudi kazini. Kwa hiyo anayemcheka mwenzake kwa kula sushi kwa mkono hajui asili yake, na anayedai kwamba vijiti ni kosa amevuka mpaka vilevile, kwa maana Wajapani wenyewe hutumia vyote viwili.

Wasabi, ule uji mzito wa kijani ulio mkali puani, ndiyo yenye ubishi mwingi. Mpishi wa kaunta huwa ameshaipaka kati ya samaki na wali, kwa kipimo kinacholingana na mafuta ya samaki huyo, hivyo kuikoroga ndani ya mchuzi wa soya mpaka ugeuke tope la kijani ni sawa na kumwaga pilipili kwenye biriani kabla ya kuionja. Mara nyingi pia huwa ameshampaka samaki nikiri, yaani mchuzi wa soya uliochemshwa na viungo vingine, na hapo hakuna cha kuchovya kabisa. Tangawizi nyembamba iliyolowekwa katika siki ni ya kusafisha ulimi kati ya samaki mmoja na mwingine, wala haiwekwi juu ya tonge. Ina kazi moja zaidi niipendayo: tonge la gunkan, lililozungushiwa mwani na kujazwa mayai ya samaki, haliwezi kugeuzwa, basi unachovya kipande cha tangawizi na kulipaka mchuzi nacho.

Hata hivyo mahali ni jambo la kuzingatiwa. Mwaka 1958 Shiraishi Yoshiaki alifungua huko Osaka mkahawa ambao sahani za sushi huzunguka juu ya mkanda mbele ya wateja, na mikahawa ya aina hiyo sasa imejaa familia na watoto wanaokula matonge yenye mahindi na mayonezi. Mengi ya matonge hayo huja bila wasabi, na mlaji hujiongezea kutoka kwenye vipakiti. Kumhutubia mtu kuhusu kipimo cha wasabi mahali kama hapo ni kukosa adabu kuliko kosa lenyewe. Ndivyo ninavyowaona pia wanaoiita soya murasaki na chai agari ili waonekane wenyeji. Hayo ni maneno ya wafanya kazi wa nyuma ya kaunta, na mgeni hapungukiwi kitu akisema soya na chai.

Miiko ya vijiti siijadili. Havisimikwi wima ndani ya wali, kwa kuwa ndivyo wali wa marehemu unavyowekwa, na chakula hakipokezanwi kijiti kwa kijiti, kwa kuwa ndivyo jamaa wanavyopokezana mifupa baada ya maiti kuchomwa. Msiba wa watu unaheshimiwa hata na asiyeushiriki.

Kwetu Waswahili yapo mawili ya ziada. Nguo iliyofukizwa udi, ambayo nyumbani ni heshima kwa mwenyeji, haifai katika chumba chenye viti vinane ambamo harufu ya siki na samaki ni sehemu ya chakula. Na Mwislamu aseme mapema, wakati wa kuagiza nafasi, kwamba hatumii pombe, kwa kuwa nikiri hupikwa mara nyingi kwa sake na mirin, ambazo ni pombe za mchele. Kusema akiwa ameshaketi, hasa katika omakase, ambapo mpishi ndiye anayechagua kila kitu, ni kumtia fundi katika dhiki isiyo ya lazima.

Nilirudi kwa mzee yule miezi michache baadaye, nikala kwa mkono. Jirani yangu alikuwa mtu wa kutumia mkono wa kushoto. Baada ya tonge lake la pili niliona kwamba yangu yaliwekwa yameelekea upande mmoja, na yake yamegeuzwa yakaelekea upande wa pili, ili vidole vyake viyafikie bila kupinda. Hakuwa amemwomba mpishi, wala mpishi hakumwambia.