Siku moja maishani mwangu: mtafiti wa migomba, Mwanza kiangazi hiki

Saa 11 alfajiri niko macho, chai ya rangi fasta, daladala mpaka Buhongwa halafu gari lingine kuelekea Usagara, kondakta anauliza begi limebeba nini namwambia vipimo vya migomba anacheka tu.

Saa 1 asubuhi shambani. Tunapima unene wa shina mita 1 kutoka ardhini, ingawa lile si shina, ni maganda ya majani yamekumbatiana, shina lenyewe liko chini ya udongo. Halafu urefu wa jani mara upana mara 0.8, ndo unapata eneo la jani. Kazi ya kuchosha shingo hiyo jamani.

Saa 4 natembeza porometa, kifaa kinachopima jani linavyopitisha mvuke. Mgomba unafunga vinyweleo, vile vitundu vidogo vya jani, mapema sana, wakati wewe bado unauona mbichi umesimama vizuri. Ikifika saa 7 majani yashajikunja nusu mbili kukwepa jua, na sisi tunakwepa chini ya mwembe na ugali dagaa.

Saa 8 kaja mama mmoja jirani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hebu niambie niweke mbolea gani huu mkungu uwe mkubwa?" Hili swali naulizwa kila mara! Nikamweleza, ua linatengenezwa kule chini kwenye tunguu, yaani lile shina lenyewe la chini ya udongo, linapanda ndani ya maganda ya majani miezi kadhaa kabla hujaliona, na idadi ya chane inapangwa hukohuko. Mbolea na maji saa hizi vitanenepesha vidole, chane haziongezeki. Akaniangalia. "Kwa hiyo njaa ya kiangazi kilichopita ndo naiona leo?" Ndiyo mama, hasa hiyo. Mimi naona pesa ya mbolea ya dakika za mwisho bora inunue matandazo ya kufunika udongo, mizizi mingi ya mgomba iko juujuu, udongo ukikauka kidogo tu inaumia. Nikamwambia pia ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, alivunje kwa kijiti chenye panda, asikate na panga, maana mnyauko wa bakteria ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 unahama na panga na wadudu.

Saa 10 mpaka jioni ni kujaza namba kwenye kompyuta, sina la kusimulia hapo.

Usiku nimekula ndizi nyama, ndizi za Bukoba zilizoshushwa melini. Za shambani kwetu haziliwi mpaka zipimwe uzito, na mlinzi ananilaumu mimi.