Kijiti Kilichopinda

Msumari hauna kazi kwenye kiti. Nimebishana na mafundi wengi juu ya hilo, wengine wakanicheka, lakini ushahidi niliuona kwa macho yangu nikiwa bado mfagia maranda kwenye karakana ya mzee aliyenifunza useremala.

Mama mmoja alileta kiti cha marehemu baba yake. Kilikuwa cha mbao ngumu, mgongo mrefu, kimeiva weusi kwa umri, na ukikigusa tu kinayumba. Kuna mtu alikwisha kukitengeneza kabla yetu. Kila pembe aliyoiona inacheza, aliipigilia msumari. Mguu mmoja wa nyuma ukapasuka kufuata nyuzi za mbao, na misumari yenyewe haikukaa sana ikalegea, maana mbao huvimba hewa ikiwa na unyevu na kunywea ikikauka, ilhali chuma kimekaa vilevile. Mama hakutaka makubwa.

"Fundi, kipigie skrubu nene tu, yaishe."

Mzee akakigeuza kiti miguu juu, akakitazama kwa muda. "Niachie, mama. Nikifungue kwanza."

Nilidhani atachukua nyundo. Alichukua birika. Samani nyingi za zamani zilibandikwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, na gundi hiyo hulainika tena ikikutana na maji na joto. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakizungushia kiungo, akangoja, akarudia. Gundi nyeupe tunayoitumia wengi wetu siku hizi haikupi nafasi hiyo. Ikishakauka haiachii kirahisi, na mabaki yake hayapokei gundi mpya mpaka uyakwangue ukutane na mbao tupu. Siisemi vibaya, hata mimi ninayo hapa mezani. Ila kiti ni kitu ambacho ipo siku kitafunguliwa tu, kwa hiyo cha kwangu hubandikwa kwa ile ya zamani, chungu ndani ya chungu cha maji, moto usizidi nyuzi joto 60 na kidogo za Selsiasi.

Viungo vya nyuma vilitoka bila ubishi. Ulimi mmoja, ile ncha ya mbao iliyochongwa iingie kwenye tundu la mbao nyingine, ulikuwa umevunjika kabisa, kwenye reli ya ubavuni, ule ubao unaounganisha mguu wa mbele na wa nyuma, pale inapoingia mguu wa nyuma. Hapo ndipo viti vingi hufia, kwa sababu mtu akijiegemeza na kuinua miguu ya mbele, uzito wake wote huukamua ulimi huo. Viungo vya mbele ndivyo vilivyotukatalia. Maji ya moto, hakuna kitu. Kugonga kwa nyundo ya mti, hakuna kitu. Mzee akapitisha kidole upande wa nje wa mguu, akasimama mahali fulani, akanivuta mkono nami niguse. Kulikuwa na duara dogo, upana wa penseli, limejificha chini ya rangi.

"Kuna kijiti humu," alisema. Akachukua msumari butu, akauweka upande wa pili, akagonga taratibu. "Hii ndiyo kazi ya msumari kwenye kiti."

Kijiti kikatoka kimepinda. Nikasema kimeharibika. Mzee akaniwekea kiganjani, kisha akautoa ulimi na kuusimamisha kando ya tundu lake ili niyaone matundu ya kijiti. Hayakuwa yamelingana. Lile la kwenye ulimi lilikuwa limesogezwa kuelekea bega, ule ukingo wa reli ulimi unapoanzia, kwa milimita moja na nusu hivi. Aliyekitengeneza kiti alitoboa mguu kwanza, akaingiza ulimi, akaweka alama, akautoa, kisha akatoboa kando ya alama kwa makusudi. Kijiti kikipigiliwa hulazimika kupita njia iliyopinda, na katika kujikunja huko huuvuta ulimi ndani na kulibana bega kwenye mguu. Hakuhitaji klempu, kile kifaa cha kubania mbao. Ndani ya kiungo hicho gundi ilikuwa imegeuka unga wa njano, imekufa zamani, na kijiti peke yake ndicho kilichokuwa kimeshika.

Nikauliza mbona hakikukatika. Mzee akaniambia nikitazame nyuzi. Zilikwenda moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha, kwa kuwa kijiti hakikukatwa kwa msumeno, kilipasuliwa. Msumeno hukata nyuzi bila kujali zinaelekea wapi. Mbao ikipasuliwa, ufa hufuata nyuzi, kwa hiyo kijiti kinaweza kupinda bila kuvunjika. Mchana ule alinipa kipande cha mbao kilichonyooka, kisu, na bamba la chuma lenye tundu. Nipasue, nichonge, nikipitishe kwenye bamba kwa nyundo. Vya kwanza vilimfanya mzee acheke.

Kilichonikaa zaidi lakini ni ndani ya matundu ya ndimi. Kuta zilikuwa zimenyooka sawasawa, kwa sababu gundi hushika pale nyuzi za ubavu zinapogusana. Sakafu ya tundu ilikuwa na makovu ya patasi, haikulainishwa hata kidogo, na imechimbwa kuzidi urefu wa ulimi ili gundi ya ziada ipate pa kwenda. Kando ya kila tundu na juu ya kila ulimi kulikuwa na mikato midogo ya patasi, miwili kwa miwili, mitatu kwa mitatu, kila ulimi urudi kwake. Fundi yule alijua pa kuhangaika na pa kutohangaika. Mimi nilikuwa mtu wa kupiga msasa hata nyuma ya droo.

Ulimi uliovunjika tuliukata ukawa sawa na ncha ya reli, tukachimba tundu jipya hapohapo na kuingiza ulimi wa kupachika, unene wake theluthi ya unene wa reli. Mguu uliopasuka ukapewa gundi na kubanwa.

Kwa rangi, mama alikuwa ameshauri tukipige msasa chote na vanishi mpya. Mzee alidondosha tone la spiriti chini ya kikalio. Likanata. Basi ni shelaki, utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwenye spiriti, na shelaki mpya huiyeyusha ya zamani na kuungana nayo. Hatukugusa msasa. Tulipitisha donge la pamba lililofungwa kitambaani, koti jembamba juu ya koti jembamba, na ule weusi wa umri ukabaki mahali pake.

Mama alipokuja alikizunguka, akakitikisa, akaketi. Akafurahi, akajiegemeza nyuma hadi miguu ya mbele ikaacha sakafu.

"Mama," mzee alisema, "kina miguu minne."