Jumapili Trei Ziliporudi Vestri Zimejaa

Kanisa dogo la Kimethodisti halianzi mwaka tarehe 1 Januari. Linaanza siku mchungaji atakapolifikia. Sakiti yetu ilikuwa na makanisa 6 na mchungaji mmoja, na Ibada ya Agano, ile ya kila mwaka ambamo waumini hufanya upya ahadi yao kwa Mungu, haikamiliki bila yeye, kwa kuwa ndani yake mna Meza ya Bwana, na meza kwetu huongozwa na aliyewekewa mikono. Mhubiri wa kawaida anaweza kuhubiri mwaka mzima, akazika, akafariji, lakini akifika kwenye mkate na kikombe anasimama. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza mchungaji alikwenda kanisa kubwa, ya pili akagawana makanisa mawili, na sisi plani, yaani ratiba ya ibada za sakiti, ikatupa ya tatu, saa tano asubuhi, baada ya kanisa jirani la saa mbili.

Wapo waliokuwa wakinung'unika kila mwaka kwamba Agano la wiki ya tatu ni kiporo. Hawana hoja. John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Umethodisti, aliiongoza ibada hii mara ya kwanza tarehe 11 Agosti 1755, katikati ya mwaka, kwenye kanisa la Wafaransa huko Spitalfields, London, na watu wapatao 1,800 wakasimama kuonyesha wamekubali. Januari ilikuja baadaye.

Mwaka ninaoukumbuka ndio nilioingia ustewadi wa meza, kazi ya kuandaa Meza ya Bwana. Niliwekwa chini ya mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo tangu mimi niko Shule ya Jumapili, na somo lake la kwanza nililipata Jumamosi jioni, vestri, chumba cha maandalizi cha kanisa, nikiwa nimeshika karatasi ya mahudhurio.

"Weka hiyo chini, mwanangu. Usihesabu watu waliokuja kanisani, hesabu vikombe vilivyorudi vitupu."

Maana yake ilikuwa hivi. Mahudhurio yanajumlisha watoto na wale ambao hawajapokelewa rasmi, wasiopiga magoti kwenye reli iliyo mbele ya meza. Daftari la meza ndilo linalosema kweli, na mara ya mwisho vikombe vitupu vilikuwa 41. Lakini Agano huleta hata wale wanaoonekana mara moja kwa mwaka, kwa hiyo tukachukua orodha za viongozi wa madarasa manne, vikundi vidogo ambamo washiriki wetu wamegawanywa. Zilitupa washiriki 49. Tukaongeza 7 kwa ajili ya wageni. Vikombe 56.

Kikombe kimoja hujazwa theluthi mbili, kama mililita 10. Ukikijaza mpaka ukingoni, wa kwanza kumwaga ni mzee mwenye mkono unaotetemeka, na ataona haya mwaka mzima. Hamsini na sita mara kumi ni mililita 560, basi chupa moja ya mililita 750 inatosha na kubakisha. Trei zetu zilikuwa na matundu 40 kila moja. Asiyeizoea kazi hujaza moja, kisha akaanza ya pili na vikombe 16, na hapo ndipo makosa huanza: trei moja inakuwa nzito, ya pili nyepesi, anayezibeba anaegemea upande, na juisi inatambaa chini ya vikombe mpaka vinagandana na trei. Tuliweka 28 kwa 28, tukianzia katikati na kutoka nje.

Chupa yenyewe ilibaki na kizibo mpaka asubuhi. Kwa hili yule mama hakuwa na utani. Juisi ya zabibu ikifunguliwa Jumamosi na kukaa kwenye joto, inaanza kuchacha, na Wamethodisti wengi hawaweki kileo mezani. Hata hiyo juisi ya chupa isiyochacha ina mkono wa Mmethodisti: Thomas Welch, daktari wa meno wa Vineland, New Jersey, ambaye mwaka 1869 alichemsha chupa za maji ya zabibu ndani ya maji moto ili kuua hamira, apate kitu cha kupeleka kanisani kwake mezani. Kizibo kikifunguka tu, kazi yote ya Welch imekwisha, hamira ya hewani inaingia.

Mkate nao una yake. Ukikatwa usiku unakauka pembeni na kukwaruza koo. Ukikatwa ukiwa bado wa moto unamong'onyoka, na makombo yanajaa kwenye zulia la reli. Tulitumia wa jana, tukauondoa ganda, kila kipande cha mkate tukakigawa mistari mitano kwa mitano: vijimkate 25. Vipande vitatu vilitosha. Mkate mmoja mzima ukabaki umefunikwa kitambaa, kwa ajili ya kumegwa na mchungaji mbele ya watu.

Kitambaa cha mimbari kilikuwa bado cheupe, cha Krismasi na Epifania. Tulikuwa na vinne ndani ya sanduku la bati: zambarau ya Majilio na Kwaresima, nyeupe, kijani, na chekundu cha Pentekoste. Karatasi lazima ikae kati ya zambarau na nyeupe. Mwaka mmoja mtu aliisahau, unyevu ukaingia, na nyeupe yetu ikabaki na doa la rangi ya waridi kwenye pindo la kushoto. Tukawa tunaigeuza, pindo hilo liangalie ukutani.

Saa tano kamili kanisa lilikuwa limejaa kwa kiwango chetu. Nilihesabu watu wazima 46. Mhubiri wa kawaida, mwalimu mstaafu, alifungua kwa wimbo na kusoma masomo mawili ya siku ile, Yeremia 31 juu ya agano jipya na Yohana 15 juu ya mzabibu. Tukaimba tena. Tukaimba tena. Saa tano na dakika arobaini ukaja ujumbe kwa simu ya stewadi mkuu: mchungaji hajatoka kule.

Aliyepanga plani alihesabu saa mbili za ibada na dakika arobaini za njia. Hakuhesabu kwamba kanisa lile nalo lilikuwa na Agano, juu yake ubatizo wa watoto 7 na mapokezi ya washiriki wapya. Agano peke yake, likisomwa bila kukimbizwa, na maungamo na meza, ni karibu saa mbili. Kila mtoto anaongeza dakika kadhaa, na zaidi akiwa na bibi anayetaka kupiga picha. Plani ya miezi mitatu huwa na Jumapili 13 na inaonekana nadhifu sana kwenye karatasi.

Stewadi wanne tulikutana vestri. Mmoja alitaka tuwaage watu. Mwingine, bila kunong'ona vya kutosha, akauliza kwa nini mwalimu asisome tu maneno ya meza, kitabu si kipo? Mwalimu alikataa kabla sentensi haijaisha. Ndipo mama wa meza akasema, "Tufanye karamu ya upendo. Hiyo haina haja ya mchungaji."

Nilikuwa nimeisikia, sijawahi kuiona. Wesley aliikuta kwa Wamoraviani, Wakristo wa Kijerumani, huko Savannah, Georgia, mwaka 1737, akaileta kwenye vikundi vyake Uingereza: mkate wa kawaida, maji, sala, nyimbo na ushuhuda. Zamani iliingiwa kwa tiketi ya darasa, na asiye na tiketi alibaki nje. Hakuna maneno ya kuweka wakfu, hakuna kupiga magoti, na ndiyo maana mtu asiye mchungaji anaruhusiwa kuiongoza.

Mzee wa darasa la tatu akaleta shaka ambayo mpaka leo naiona ya haki. Watu wamekuja wakitazamia Meza ya Bwana. Wakiona mkate umetolewa pale pale mezani, nusu yao watarudi nyumbani wakiamini wameshiriki. Tukatumia dakika kumi kuifanya tofauti ionekane kwa macho. Trei mbili zikatolewa juu ya meza mbele ya watu wote, zikarudi vestri zimejaa. Mkate mzima ukabaki ndani ya kitambaa chake, ukafuata. Nguo nyeupe ya meza ikakunjwa. Kisha tukaweka meza ndogo ya Shule ya Jumapili chini, nje ya reli, sawa na viti vya watu, na juu yake vile vijimkate kwenye sahani ya kawaida, jagi la maji, na kikombe kimoja kikubwa cha bati. Kikombe cha karamu ya upendo hutengenezwa na masikio mawili, ili wa kulia ashike moja na wa kushoto jingine. Chetu hakikuwa na sikio hata moja.

Mwalimu akaeleza kwa maneno machache: mchungaji amechelewa, Agano litapangiwa siku nyingine, hii si meza. Akasema tena, hii si meza. Akaomba. Sahani ikapita safu kwa safu, watu wameketi. Sadaka ikachangwa, na katika karamu ya upendo sadaka hiyo ni ya wahitaji, haiingii mfuko wa kanisa. Mweka hazina aliandika kwenye mstari wake peke yake. Halafu maji.

Kikombe cha bati kisicho na sikio, kikijazwa na jagi lisilo na mdomo mzuri, hakipitishwi haraka. Kila mtu alilazimika kumgeukia jirani, kusubiri mikono yake, na kutoachia mpaka mwingine ashike. Kwenye safu ya tatu walikuwa wameketi akina mama wawili wa darasa moja. Tangu mnada wa Sikukuu ya Mavuno walikuwa hawasalimiani, na sababu nilikuwa naijua kama kila mtu mwingine alivyoijua. Siku ile mmoja wao alichelewa, akakosa kiti kingine. Kikombe kilipofika, wa kwanza akanywa, akakishika kwa mikono miwili, akakaa nacho. Kisha akageuka.

"Shika chini. Kimejaa."

"Nimeshika."

Ni hayo tu niliyosikia, na sitayakuza.

Ushuhuda ndio unaoharibu karamu ya upendo ukiachiwa. Kanuni ni dakika mbili, na kengele ya kumkatiza mtu ni wimbo: kiongozi anaanzisha kibwagizo, watu wanadaka, msemaji anaketi bila kuaibika. Mwalimu alikitumia mara moja, kwa bwana aliyeanzia kuzaliwa kwake. Wengine walisema mafupi. Kijana mmoja alisimama, akasema anashukuru kwa kazi aliyopata, akaketi. Bibi mmoja alisema tu kwamba alikuwapo, kisha akaimba ubeti peke yake, na hatukujua kama tumdake au tumwache.

Tulifunga saa saba kasoro robo. Mchungaji akaingia saa saba na nusu, vumbi mpaka kwenye kola, akakuta watoto wamekaa ngazi za vestri wakinywa juisi ya zabibu kwa vikombe vidogo, kila mmoja vyake sita saba. Mama wa meza ndiye aliyewagawia. Juisi haikuwa imesomewa maneno yoyote, kwa hiyo ilikuwa juisi. Kuirudisha kwenye chupa baada ya kukaa wazi saa mbili kungekuwa kuitafutia uchachu. Mchungaji aliuliza kama kimebaki kimoja. Kilikuwepo. Akanywa amesimama.

Agano tulilifanya wiki mbili baadaye, saa moja asubuhi, kabla hajakwenda kwingine. Walipiga magoti wanane wanane, meza saba, wa mwisho wakiwa watano. Nilirudisha vikombe vitatu vyenye juisi, na yule mama akavihesabu mara mbili.

Lakini jioni ile ya kwanza vikombe 56 vilihitaji kuoshwa kama kawaida: maji baridi kwanza, kisha ya vuguvugu yenye sabuni, yasiwe ya moto sana maana vya plastiki hujikunja na havikai tena kwenye tundu. Nikiwa nasuuza, alikuwa amefungua daftari la ibada. Safu ya watu wazima waliohudhuria akaandika 46. Safu ya walioshiriki meza akaweka kalamu, akaiinua, akaniuliza nina maoni gani. Nikasema sina. Akaandika sifuri, akaizungushia duara ili asije mtu akadhani imesahauliwa, na kwenye maelezo akaandika: *Karamu ya upendo. Mkate, maji.*

"Umevifuta?" akauliza.

Nikaanza kuvifuta.